Stick jukwaani Zanzibar: kuchagua amplifaya na efekti za chombo cha kugonga kwa mikono miwili

Stick ni ubao mrefu wa nyuzi, hauna tumbo, unaning'inizwa wima kifuani. Nyuzi zake hazicharazwi. Vidole vya mikono yote miwili huzigonga juu ya freti (vijiti vya chuma vilivyopangwa ubaoni), mkono mmoja ukipiga besi na mwingine melodi kwa wakati mmoja. Mmarekani Emmett Chapman alianza kugonga hivi mwaka 1969, na chombo chenyewe akaanza kukiuza mwaka 1974. Chenye nyuzi 10 kina tano za besi na tano za melodi, na uzi unaolia una urefu wa kama sentimita 91.

Kwa mpigaji wa peke yake kwenye baraza ya hoteli Nungwi au Paje, au kwa kikundi kidogo kisicho na mpiga besi, chombo hiki kinafaa sana. Kinachowaangusha wengi ni kukichomeka kama gita. Hivi ni vyombo viwili juu ya ubao mmoja, na kila uamuzi unaofuata, kuanzia waya hadi spika, unatokana na hilo: besi ipite njia yake, melodi ipite yake, zikutane mwisho kabisa. Anayegonga gita la nyuzi nane kwa mikono miwili naye atafaidika, ila gita lenye tundu moja la mono haliwezi kuzitenganisha pande hizo mbili.

Hatua ya 1: Tundu na waya

Stick nyingi zina tundu la stereo, besi upande mmoja na melodi upande wa pili. Unahitaji waya wenye umbo la Y: jeki moja ya stereo (ile yenye mikanda miwili myeusi) inaingia kwenye chombo, na jeki mbili za mono zinatoka upande wa pili. Ukichomeka waya wa kawaida wa gita, shina la jeki ya mono hugusa ulimi wa pili ndani ya tundu na kuupeleka moja kwa moja kwenye ethi. Upande mmoja unakufa pale pale. Watu wamefungua chombo wakidhani pikapu (kinasa mtetemo wa nyuzi) imeungua, kumbe kosa ni la waya. Baadhi ya Stick zina swichi ya kuchanganya pande mbili kuwa mono; hizo tu ndizo zinazokubali waya wa kawaida bila kupoteza kitu.

Fanya jaribio hili nyumbani. Chomeka jeki moja ya mono kwenye amplifaya, nyingine iache ikining'inia. Gonga uzi mnene wa besi, kisha uzi mwembamba kabisa wa melodi. Mmoja utalia kwa nguvu, mwingine utasikika kwa mbali sana au usisikike kabisa. Zungushia utepe mwekundu jeki ya besi, tena karibu na shina, usibanduke. Jukwaani gizani utepe huo utakuokoa.

Waya wa mita 3 hadi 5 unatosha. Kama pikapu zako hazitumii betri, kila mita ya waya inakula ung'avu kidogo. Ukivuka mita 6 melodi inaanza kuwa butu. Pikapu za betri ya volti 9 hazina shida hiyo, lakini zina yake: jeki ikikaa ndani ya tundu, betri inaliwa hata kama hupigi. Chomoa kila unapomaliza.

Hatua ya 2: Amplifaya, na besi kwanza

Fedha ikiwa ndogo, iweke kwenye besi. Sauti ya chini kabisa ya Stick yenye tuni ya kawaida ni C ya 32.7 Hz, chini zaidi ya E ya gita la besi, ambayo ni 41.2 Hz. Melodi inaanzia kama 92 Hz kwenda juu, na karibu spika yoyote nzuri inaimudu.

Amplifaya ya gita haifai kwa upande wa besi, hata iwe kubwa namna gani. Kabati lake mara nyingi liko wazi nyuma, na koni haikutengenezwa kusukuma hewa nyingi. Gonga C ya chini uitazame: koni inarukaruka mbele na nyuma kama kifua cha mtu aliyetoka mbio, lakini sauti haitoki. Endelea hivyo usiku mmoja na koili itaanza kukwaruza. Hata kwa melodi, spika ya gita hukata sauti za juu kuanzia kama 5 kHz. Kwa ovadraivu (sauti inayokwaruzwa kwa makusudi) hilo ni zuri. Kwa sauti safi linafanya melodi isikike kama inatoka ndani ya mtungi.

Usihangaike kutafuta spika inayoshuka hadi 32 Hz. Sikio linaitambua C hiyo kupitia mawimbi yake ya juu, ya 65 na 98 Hz. Spika inayotoa sauti imara kuanzia 45 au 50 Hz inatosha kabisa, nawe hutalazimika kubeba kabati la kilo 40.

Kuna njia tatu zinazofanya kazi.

Ya kwanza ni amplifaya ya kinanda yenye chaneli mbili au zaidi, spika ya inchi 12 au 15 pamoja na twita, wati 100 hadi 200. Besi chaneli moja, melodi nyingine, kila moja na ekwalaiza yake (vitufe vya kupandisha au kupunguza sauti za chini, kati na juu). Kwa hoteli na harusi ndogo, anza na hii. Udhaifu wake ni kwamba koni moja inabeba yote: besi ikipandishwa sana, melodi inaanza kutetemeka. Na kama pikapu zako hazina betri, angalia mwongozo wa amplifaya. Ingizo la kilo-omu 10, ambalo ni la kawaida kwa kinanda, litaua ung'avu wote. Pikapu hizo zinataka ingizo la mega-omu 1, kwa hiyo weka priampu ndogo au pedali yenye bafa (saketi inayolinda ung'avu wa pikapu) katikati.

Ya pili ndiyo inayotoa sauti nzuri kuliko zote: kichwa cha amplifaya ya besi cha daraja D, wati 200 hadi 300, na kabati la spika moja ya inchi 12 kwa besi; kwa melodi, spika inayojitegemea ya inchi 10 inayotoa masafa yote, wati 100 hivi. Tofauti hiyo ya wati ina sababu. Kuongeza desibeli 3 tu kunataka nguvu mara mbili, na sikio letu ni zito kwa sauti za chini, kwa hiyo besi inadai zaidi ili isikike sawa na melodi. Vichwa vya daraja D vingi vina kilo 2 au 3 tu, jambo la maana kwa anayebadilisha daladala na boti. Soma omu nyuma ya kichwa: makabati mawili ya omu 8 yakiungwa sambamba yanakuwa omu 4, na kama kichwa kimeandikwa mwisho wake omu 8, kitapata moto na kujizima, au kitaungua.

Ya tatu ni kuingia kwenye mitambo ya ukumbi kwa visanduku viwili vya DI (vya kuunganisha chombo moja kwa moja na mikisa). Ngome Kongwe, ambako tamasha la muziki la Sauti za Busara limefanyika miaka mingi, au jukwaa lolote kubwa, hii ndiyo njia, na amplifaya yako inabaki ya kujisikiliza. Mwombe fundi mitambo chaneli mbili, na umwambie mapema: "Fundi, zote mbili ziweke katikati." Akiziona ni stereo, fundi mwenye mazoea atapeleka besi kushoto na melodi kulia. Hapo waliokaa upande wa kushoto watasikia besi tupu usiku kucha, na wa kulia watasikia wimbo usio na miguu.

Hatua ya 3: Umeme kabla ya sauti

Umeme wa huku ni volti 230, 50 Hz, plagi ya miguu mitatu bapa. Vifaa vingi vya Stick vinaagizwa Marekani, ambako umeme ni volti 120. Geuza kifaa nyuma usome kibandiko. Kikiandikwa 100–240 V, kibadilishie plagi tu. Kikiwa na swichi ya 115/230, isogeze kabla ya kuchomeka, na uangalie fyuzi, kwa kuwa fyuzi ya 230 ni ndogo kuliko ya 115. Kikiandikwa 120 V peke yake, kinahitaji transfoma ya kushusha. Kwa amplifaya ya wati 300 nunua ya wati 1,000, maana kilele cha besi hunyonya zaidi ya wastani. Transfoma haibadilishi 50 Hz kuwa 60, lakini kwa amplifaya na pedali hilo si tatizo.

Umeme ukikatika katikati ya onyesho, zima swichi ya amplifaya hapo hapo. Usingoje. Ukirudi, au jenereta ya hoteli ikiwaka, subiri dakika 2 au 3 ndipo uwashe. Wimbi la kwanza la umeme unaorudi ndilo linalounguza pawasaplai. Stabilaiza ni ya lazima kama unapiga mara kwa mara sehemu moja.

Pedali nyingi hutumia volti 9 DC, hasi ikiwa katikati. Volti lazima zilingane. Miliampea zinaweza kuzidi bila madhara, lakini zisipungue. Jumlisha mahitaji ya pedali zako kutoka kwenye vibandiko. Kompresa (pedali ya kusawazisha nguvu za noti) mara nyingi inataka kama 10 mA, ovadraivu hivyo hivyo au zaidi kidogo, dilei (ya kurudia noti) na rivebu (ya mwangwi) za kidijitali zinaweza kufika 100 hadi 300 kila moja. Ongeza robo juu ya jumla. Pawasaplai yenye matoleo yaliyotengwa ni ghali kidogo, lakini inaondoa mlio mwembamba ambao pedali za kidijitali huwapelekea majirani zao.

Hatua ya 4: Geini na ekwalaiza

Weka ekwalaiza zote katikati, volyumu ya mwisho chini. Gonga kwa nguvu yako yote, pandisha geini (nguvu ya ingizo) ya besi hadi taa nyekundu iwake, kisha irudishe nyuma kidogo. Fanya hivyo kwa melodi. Halafu pandisha besi peke yake hadi kiwango cha ukumbi, ndipo uingize melodi juu yake. Ukianza na melodi utaipandisha mno, na besi haitaifikia tena.

Kwa besi: kata kila kitu chini ya 35 au 40 Hz, punguza desibeli 3 hivi kwenye 200 hadi 300 Hz ambako sauti hujaa kama uji mzito, na ukitaka noti zitambulike ongeza kidogo kwenye 700 hadi 900 Hz. Kwa melodi: kata chini ya 80 Hz. Ule mlio wa "tiki" wa kidole kikigonga freti uko takriban 2.5 hadi 4 kHz. Usiufute wote, ndio unaoipa noti mwanzo. Kupunguza desibeli 2 au 3 kunatosha.

Kama baada ya hapo kuna mlio wa ziada kama kengele ndogo nyuma ya kila noti, ekwalaiza haitausaidia. Huo ni uzi unaolia upande wa pili wa kidole, kuelekea kichwa cha chombo, na kinachoutuliza ni kitambaa cha kuzuia mtetemo kilichopo kwenye freti ya kwanza. Kikilegea, kisogeze au kibadilishe.

Hatua ya 5: Efekti, na mpangilio wake

Ukiwa na fedha ya pedali moja tu, nunua kompresa. Kwenye gita, mkono unaocharaza unasawazisha sauti. Hapa hakuna mkono huo: uzito wa kila kidole ndio volyumu ya noti yake, na kidole cha pete hakina nguvu za shahada. Kompresa inawasogeza karibu. Anza na uwiano wa 3:1 au 4:1, mwanzo wa kubana milisekunde 20 hadi 30 ili pigo la mwanzo la noti lipite kabla halijabanwa, kuachia milisekunde 150 hadi 250, na kupunguza desibeli 3 hadi 6 kwenye noti nzito. Ukibana zaidi, kila kilicho kidogo kinapanda: mikwaruzo ya vidole, mvumo wa umeme, na hata kidole unachokiondoa kwenye uzi kitasikika kama noti. Mwenye uwezo aweke mbili, moja kila upande, kwa sababu kompresa moja inayopokea pande zote huibana melodi kila besi inapogonga, na wimbo unahema.

Upande wa besi ukishapata kompresa na ekwalaiza, uache. Rivebu kwenye besi ndiyo inayoharibu sauti ya Stick kuliko efekti nyingine yoyote.

Upande wa melodi, mpangilio unaofanya kazi ni huu: kompresa, ovadraivu, pedali ya volyumu, korasi (inayofanya noti isikike kama zinalia kadhaa pamoja), dilei, rivebu. Ovadraivu ipokee noti moja moja au mbili. Noti nne zikigongwa pamoja na kuingia humo zinatoka tope. Pedali ya volyumu ikikaa baada ya pedali yenye bafa, chagua ya kilo-omu 25. Ukiiweka mwanzo kabisa, mbele ya pikapu zisizo na betri, unahitaji ya kilo-omu 250 au 500, la sivyo ung'avu unapotea kabla hujaanza. Na pedali hii ina kazi nzuri kuliko kupandisha na kushusha. Gonga noti ikiwa imefungwa, kisha ifungue polepole: lile pigo la mwanzo linafichika, na melodi inaingia kama upinde wa fidla. Kwenye nyimbo za taratibu hakuna efekti ya bei yoyote inayofanana nayo.

Dilei ihesabu kwa mwendo wa wimbo: gawanya milisekunde 60,000 kwa mapigo ya dakika moja. Mapigo 90 yanatoa milisekunde 667 kwa pigo zima. Robo tatu ya hapo, milisekunde 500, inaanguka katikati ya mapigo na kujaza pengo bila kugongana na ngoma ya dumbak. Marudio mawili au matatu, sauti yake iwe chini sana.

Rivebu itafuata nyumba. Ukumbi wa Mji Mkongwe wenye kuta nene za mawe na lipu ya chokaa unarudisha sauti wenyewe. Weka sekunde 0.8 hadi 1.2, au zima kabisa. Chini ya makuti ufukweni hakuna ukuta wa kurudisha chochote, hapo sekunde 2 zinafaa. Ufukweni besi nayo hupotea, kwa hiyo liegemeze kabati la besi kwenye ukuta au kona yoyote iliyopo, na uliweke sakafuni, si juu ya kiti. Unapata besi zaidi bila wati hata moja.

Ukitaka mashine moja yenye efekti zote, kabla hujalipa uliza swali moja: je, ingizo la kushoto na la kulia yanapita njia mbili zisizochanganyika mpaka kwenye matoleo? Mashine nyingi zinasema stereo lakini huzichanganya pande zote kwenye rivebu, na besi yako inaingia kwenye bwawa lile lile.

Ukipiga pamoja na ganuni na udi

Ganuni ina nyuzi tatu kwa kila noti, na mng'ao wake unatosha kikundi kizima. Zima korasi, la sivyo tuni ya ganuni na yako zitaonekana kugombana hata kama zote ni sahihi. Pia Stick ina freti za nusu toni, kwa hiyo robo toni za maqamu (mizani za muziki wa Kiarabu) kama Rast na Bayati haziko kwenye ubao. Efekti ya kubadilisha tuni inachelewa na inasikika bandia. Dawa ni ya mikono: ziache noti hizo kwa udi, fidla na ganuni, nawe upige mzizi na ya tano kwenye besi, na melodi iguse noti za jirani tu. Punguza 1 hadi 2 kHz kidogo upande wa melodi, hapo ndipo udi unapozungumza.

Inapovuma, inapokata

Mvumo mzito usiobadilika, wa 50 Hz, mara nyingi unatokana na amplifaya mbili zilizochomekwa sokete mbili tofauti. Zichomeke zote kwenye ekstensheni moja. Ukibaki, bonyeza swichi ya kukata ethi kwenye kisanduku cha DI, upande wa mawimbi ya sauti. Usivunje wala usizibe mguu wa ethi wa plagi kamwe: vidole vya mikono yako yote miwili viko juu ya chuma, na hitilafu ikitokea umeme utapita kwako.

Mvumo usiopungua ukigusa nyuzi au daraja, lakini unaopungua ukigusa chuma cha jeki, unasema waya wa ethi ndani ya chombo umeachia. Mvumo unaobadilika ukigeuka ni wa pikapu kunasa taa au transfoma iliyo karibu. Sogea mita 2.

Mikwaruzo unapotikisa waya: tazama jeki. Hewa ya chumvi huiachia utando mwembamba wa kijani kwenye shaba, na ndani ya tundu hali ni hiyo hiyo. Pamba kwenye kijiti, spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, sugua, acha ikauke dakika 5. Usitie mafuta ya bawaba, yanakusanya vumbi na mchanga. Waliopo pwani wafanye hivyo kila mwezi, na wakati wa masika kila wiki mbili.

Nyuzi zifute kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, zile nyembamba za melodi kwanza, maana ndizo zinazopata kutu mapema, na kutu huongeza mlio wa tiki. Ndani ya mfuko wa chombo weka pakiti za silika na uzibadilishe zikishalowana.

Kwa safari ya boti kwenda Mkoani au Wete, chombo na kichwa cha amplifaya viwe mkononi, ndani ya mfuko wa plastiki mzito kabla ya mfuko wa nguo. Ukifika, vifungue ukiwa kivulini na uviache nusu saa kabla ya kuchomeka. Weka kando: waya wa Y wa akiba, betri mbili za volti 9, fyuzi za 3 A na 5 A za plagi, adapta ya pedali, utepe, pamba na chupa ndogo ya isopropili. Waya wa Y ndio usiopatikana kirahisi madukani Chake Chake usiku wa onyesho, kwa hiyo uwe nao miwili.